Unataka kuwa nesi wa leba? Pitia hatua hizi kabla hujajaza fomu, na milango mingine ambayo watu hawakwambii

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja nyumbani kwangu Mwanga, Kigoma mjini, jioni moja na ndoo ya dagaa, akaitua mlangoni, akakaa, hata salamu hazijaisha akasema "shemeji mi nataka kuwa nesi, nizalishe wamama, naanzia wapi?" Ana miaka 29, mtoto mmoja, anauza dagaa pale Kibirizi, form four kamaliza zamani. Mimi ni muuguzi mkunga, na ndiyo ni mwanaume, nilianzia zahanati moja ya mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika huko ambako ukisema barabara wanakucheka, unafika kwa boti, saivi nipo hapa Kigoma mjini. Tulikaa mpaka saa nne usiku. Na kwa vile swali hilo naulizwa karibu kila wiki, na wadogo zetu wa Kasulu, Kakonko, mpaka Tabora huko wanaliuliza hivohivo, nimeona niliandike lote mara moja.

HATUA YA 1: Jiulize unampenda mama au unapenda sare

Sisemi kutafuta ajira ni dhambi, sote tunakula. Lakini kuna mtu anataka kazi ya serikali, yoyote ile, na kuna mtu anataka awepo pale mtoto anapotoka, na hao wawili wakiingia leba saa nane usiku utawajua tu. Wa kwanza anaangalia saa. Kama wewe ni wa kwanza wala usijilaumu, ruka moja kwa moja mpaka hatua ya 4, kuna kazi nzuri tu za kuhudumia wazazi ambazo hazikuweki hapo kitandani.

Ngoja nikupe usiku mmoja. Zahanati, wakunga wawili, mwenzangu kaenda kwenye msiba. Kaletwa binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, katoka kijiji cha jirani kwa mtumbwi wa injini, kanga imelowa maji ya ziwa mpaka kifuani, kaja na bibi yake. Njia imefunguka sentimita nane. Umeme wa sola ulikuwa umekata tangu saa tatu, kwahiyo bibi ndo alishika tochi, na ile tochi ilikuwa inatetemeka kuliko mgonjwa. Mtoto akatoka, kimya. Halii, kalegea kama kitambaa. Hapo una dakika moja, hatuna zaidi ya hiyo, unamkausha kwa nguvu, unamsugua mgongo, unaweka kichwa sawa, hajashtuka, unakata kitovu, unachukua ambu, ule mfuko wa kupulizia, unaanza kumpa hewa, kifua kinapanda, kinashuka, kinapanda. Bibi anauliza "amekufa?" na wewe huwezi kumjibu kwasababu unahesabu. Akaja kulia. Kidogo sana, kama paka mdogo, alafu akalia kweli.

Watu wakisimulia huishia hapo. Mimi sikuishia hapo, kondo lilikuwa bado halijatoka, mama anatakiwa sindano ya kuzuia damu, nimfuatilie asije akavuja, alafu vifaa kwenye ndoo ya klorini, sakafu ipigwe deki, alafu ukae chini uandike patografu (chati ya kufuatilia uchungu) na kitabu cha MTUHA namba 12 (rejista ya wanaojifungua) mstari mzima, kila kisanduku, huku mikono inatetemeka. Nusu ya ukunga ni kuandika jamani. Hili hakuna aliyeniambia chuoni kwa namna ya kunifanya nisikie.

Ukisoma hapo ukajisikia "nataka niwe pale", sawa, twende. Ukisoma ukasema "mh", pia ni jibu.

HATUA YA 2: Nenda kaangalie kabla hujalipa hata mia

Zahanati au kituo cha afya cha karibu na kwenu, muone mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, jieleze kwa adabu, mwambie unafikiria kusomea uuguzi unaomba kusaidia kliniki ya mama na mtoto hata wiki mbili. Usiende siku ya kliniki yenyewe saa tatu asubuhi amezungukwa na watu, nenda mchana akiwa ametulia. Wengine watakukatalia, usinune, nenda kituo kingine.

Hawatakuingiza leba, na wasikuingize kabisa, yule mama kavua nguo pale hajakukaribisha wewe. Utapewa kazi ya kupanga foleni, kupima watoto uzito, kubeba mafaili. Inatosha. Kaa pale benchi kuanzia saa moja na nusu, mwangalie nesi akipima presha ya mtu wa arobaini wakati mabenchi bado yamejaa, sikiliza anavoongea na wa arobaini ukilinganisha na wa kwanza. Angalia anavomwambia binti majibu ya kipimo cha VVU kwenye chumba ambacho mlango haufungi vizuri. Alafu mchana akiwa anakunywa chai, muulize swali moja tu: kipi kinakuchosha? Usimuulize mshahara, mshahara utausikia hata usipouliza.

Na jipime na damu. Mimi mwezi wa kwanza wa fildi (mafunzo ya vitendo) nilidondoka, mbele ya wenzangu wote, wakanipepea na kadi ya kliniki. Sio mwisho wa dunia, mwili unazoea. Kisichozoeleka ni kinyaa na watu. Kama mtu akikutapikia unamchukia yeye badala ya matapishi, hii kazi itakufanya uwe mkali, na nesi mkali ndo anafanya wamama wajifungulie nyumbani.

Kingine kwa wa kuja, mtu ukitoka mkoa mwingine ukapangiwa huku, jifunze Kiha cha kutosha kumsalimia mtu na kumuuliza kinauma wapi. Kuna bibi wa Kasulu anaitikia Kiswahili chako kwa "ndiyo" tu, ndiyo ya heshima, wala hajaelewa kitu.

HATUA YA 3: Toa cheti cha form four, weka mezani

Hapa ndo ndoto nyingi zinagonga mwamba kwahiyo tusizunguke. Diploma ya uuguzi na ukunga inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ufaulu maana yake D kwenda juu, na D inaanzia alama 30. Hesabu na Kingereza zikiwepo zinakuongezea nguvu wakati wa kuchaguliwa.

Shemeji alitoa cheti chake kwenye mfuko wa nailoni: Kiswahili B, Baiolojia C, Kemia D, Civics D, Fizikia F. Akaniangalia. Nikamwambia shem, hiyo F ndo imesimama mlangoni, hata ungekuwa na A tano pembeni.

Dawa yake ni kurisiti. Unajiandikisha mtihani wa NECTA, baraza la mitihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, unafanya Novemba, huna haja ya kurudia masomo yote, unarudia lililokuangusha. Tafuta mwalimu wa tuisheni, na practical usiidharau, watu wanaangukia pale.

Usikubali mtu akwambie "njoo tu chuoni kwetu tutakusaidia". Jirani yangu mmoja alipokelewa na chuo fulani bila Fizikia, kalipa ada ya mwaka mzima, kauza na kiwanja cha mama yake, kuja kwenye usajili mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, haumtambui. Hela haikurudi. Sifa ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, kinatoka kila mwaka na kinapakuliwa bure kwenye tovuti yao, usomewe na mtu kama kingereza kinakusumbua, lakini usisomewe na huyo anayekusanya ada.

HATUA YA 4: Angalia milango yote, sio mmoja

Sehemu hii ndo ilimfanya shemeji akae mpaka saa nne. Sisi huku ukisema "kazi ya wazazi" mtu anaona daktari na nesi basi. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya wamama vitokanavyo na uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukatoa 104. Mjadala wa hizo namba tuwaachie wataalamu, ila mi niliyekuwa mwambao najua kilichobadilika kwa macho: mama anafika kituoni, anafika mapema, akifika anakuta mtu na dawa na damu. Hiyo "anafika" kuna watu wako nyuma yake na wengi sio manesi.

Mlango wa kwanza ni huo wa uuguzi na ukunga wenyewe, maana kwetu diploma inakufundisha vyote viwili pamoja. Ni miaka mitatu, ngazi za NTA 4, 5 na 6, moja kila mwaka. Ukiishia 5 unatoka na cheti, ukimaliza 6 ni diploma. Ukitaka digrii ni miaka minne, na pale chuo kikuu cha Muhimbili, MUHAS, kuna digrii ya ukunga peke yake kama hutaki kabisa habari za wodi ya upasuaji wa mifupa. Waliomaliza diploma wakiwa na GPA nzuri wanaendelea na digrii baadae, wengi nawafahamu wamefanya hivo wakiwa kazini, kwahiyo kuanza na diploma hakujakufungia chochote.

Kuna utabibu, kile tunaita klinikal ofisa, miaka mitatu pia na sifa za masomo ni zilezile. Huyu anachunguza, anaandika dawa, na kwenye zahanati ndogo mara nyingi ndo mfawidhi, leba anaitwa kukiwa na shida. Kama unapenda kufikiria ugonjwa kuliko kukaa na mtu, nenda huku.

Usingizi! Huu mlango nauonea huruma maana hakuna anayeuota utotoni. Kigoma upasuaji wa kujifungua ulisogezwa mpaka kwenye vituo vya afya vya vijijini, na ili mama apasuliwe lazima awepo mtu wa kumchoma ganzi ya mgongo au kumlaza. Bila huyo, daktari anakaa na kisu chake tu. Unaanza kama muuguzi alafu unaongeza kozi, kwahiyo uweke akilini kama hatua ya pili ya maisha.

Maabara, famasi, na mionzi wanakopiga ultrasaundi. Famasi haibani kama uuguzi, wao wanataka Kemia na Baiolojia kwenye zile D nne, kwahiyo mwenye F ya Fizikia asijione kafa. Shemeji hapa alinyanyua macho. Nikamuuliza unaweza kukaa dirishani unagawa dawa siku nzima? Akasema "nagawa dagaa siku nzima shemeji, tofauti nini?" Sikuwa na jibu. Ila akasema hapana, anataka wamama.

Fundi wa vifaa tiba. Kituo kimoja nilichofanya kazi mashine ya kunyonya uchafu kwenye pua za watoto ilikaa kabatini miezi saba, kilichoharibika ni kitu kidogo, hamna mtu wa kukifungua. Kijana mwenye Fizikia na Hesabu nzuri anayechukia damu, huyu anaweza kuokoa watoto wengi kuliko mimi na asione hata mmoja akizaliwa.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA kama wanavoitwa. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wao mpya, lengo ni wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wanachaguliwa kule kule kwenye mtaa au kitongoji wanakoishi alafu wanapewa mafunzo ya miezi sita, darasani na fildi. Kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba, kumjua mjamzito mapema, kumsindikiza kliniki, kuona dalili za hatari, mguu kuvimba, kichwa kuuma, kuona maruweruwe, damu. Hawazalishi. Ukitaka hii kaa karibu na ofisi ya mtendaji, nafasi zinatangazwa hapo na mkutano unaitishwa, usisubiri kuona kwenye simu.

Dereva wa jamii wa m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura kwa wamama. Watu wanashangaa nikiitaja kama kazi. Mama akipata dharura anapiga 115 bure, wale wa kituo cha mawasiliano wakikuta ambulensi ipo mbali wanamtuma dereva wa gari binafsi aliyesajiliwa, analipwa kwa simu. Kama una gari, una leseni na unalala karibu na simu, kaulizie halmashauri.

Mwenza wa kujifungua. Kati ya 2016 na 2018 hapa kwetu Kigoma ulijaribiwa mpango wa mama kuwa na mwenzake ndani ya leba kwenye vituo kadhaa vya serikali, mtu wa kumsugua mgongo, kumpa maji, kumtembeza, kumshika mkono. Mtu asikudanganye kwamba hiyo ni ajira yenye mshahara wa mwezi saivi. Ila niwe mkweli, kazi hiyo ndo bibi zetu walikuwa wakiifanya siku zote, na mkunga wa jadi ambaye leo haruhusiwi kuzalisha nyumbani, nafasi yake nzuri ni hiyo, amlete mama, akae naye. Wale waliokuwa wakitusumbua kijijini tulivyowaheshimu tukawapa kiti ndani, wakaanza kuleta wamama wenyewe.

Afisa lishe na afisa ustawi wa jamii nao wapo, sitawachambua, ila binti wa miaka 15 akijifungua, ustawi ndo anajua nini kinafuata, mi najua kumshona tu.

HATUA YA 5: Chuo na hela

Mkoani kwetu uuguzi unafundishwa Kabanga kule Kasulu, Heri Mission kule Buhigwe, na Kibondo. Tabora wana Nkinga kule Igunga na Ndala kule Nzega. Uzuri wa vyuo vilivyo ndani ya hospitali ni kwamba wodi ni hapo nje ya mlango, unaona kesi nyingi. Chochote utakachochagua, hakikisha kipo kwenye kitabu cha NACTVET cha mwaka huo huo unaoomba, sio cha mwaka juzi alichonacho kaka wa stationeri.

Maombi yanafanyika onlaini, vyuo vya serikali unaomba kupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Andika jina kama lilivo kwenye cheti cha form four, herufi kwa herufi, na cheti cha kuzaliwa kifanane, kama hakifanani rekebisha sasa hivi, RITA wanaotoa vyeti vya kuzaliwa hawakimbizwi.

Ukipiga bajeti usihesabu ada peke yake. Kuna sare, viatu vya kufunika vidole, saa yenye mshale wa sekunde (simu haikubaliki wodini kuhesabia mapigo), bima, kitabu cha kusaini mazoezi, nauli za fildi na chakula cha fildi, na hicho cha mwisho ndo kinaua watu. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, ya tatu inakuja miezi sita baada ya ya kwanza, kwahiyo anza mapema kabla hujaanza kushika damu za watu.

Mkopo: Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha diploma mwaka wa masomo 2023/24, lakini ni kozi za kipaumbele zilizotajwa kwa jina. Mtu akisikia "kozi za afya" anadhani na uuguzi umo moja kwa moja. Fungua mwongozo wa mwaka wako, tafuta jina la kozi yako kwenye orodha, kama halipo panga hela kwa njia nyingine.

HATUA YA 6: Baada ya chuo

Huwi nesi siku ya mahafali. Lazima Baraza la Uuguzi na Ukunga, TNMC, likusajili na kukupa leseni, na kuna mtihani wao. Wa digrii wanapita intanship mwaka mmoja kwanza. Bila leseni usiguse mgonjwa hata duka la dawa la mjomba.

Ajira zinakuja kwa mafungu, unaomba onlaini kwenye mfumo wa ajira, wengine wanakaa mwaka, wawili, zaidi. Wakati unasubiri jitolee kituo chenye kazi nyingi sio chenye sifa, ukikaa bure mkono unasahau. Na kwa wenye umri mkubwa, matangazo ya serikali huwa yanaweka mwisho miaka 45, kwahiyo shemeji na 29 zake, akirisiti mwaka mmoja na kusoma mitatu, anatoka na 33 au 34. Akahesabu kwa vidole, akacheka.

HATUA YA 7: Kwa wanaume wenzangu, fupi

Baba yangu hakunisemesha wiki nzima. Ujiji kuna wamama hawataki mwanaume, ni haki yao, unamwita nesi mwenzako wa kike, unakaa nje ya pazia. Kama upo peke yako na hali ni mbaya, unajitambulisha, unaomba ruhusa, unafunika kila ambacho huhitaji kukiona, na kila unachotaka kufanya unakisema kabla ya kukifanya. Nimezalisha wengi kwa namna hiyo, na mitaani nina watoto watatu wenye jina langu.

Shemeji? Kajiandikisha kurisiti Fizikia. Na mtendaji wa mtaa wao alivotangaza nafasi za uhudumu wa jamii kapeleka jina pia, bado hawajaita. Juzi nimepita Kibirizi kununua dagaa nikakuta kitabu cha form three kimefunguliwa juu ya meza, kimekandamizwa na kopo la kupimia ili upepo wa ziwa usikifunge, mada ya mwanga, na kurasa zote zinanuka dagaa.